Nzi mweusi usiku wa giza: mbona anashikwa kuliko mweupe?

#1 Mwana_Tudor
Salaam. Naomba wajuzi wanisaidie, maana jambo hili limenikaa kichwani tangu Ramadhani iishe.

Navua usiku kwenye hori ya Tudor hapa Mombasa, mara nyingi kwa mtumbwi, mara nyingine nimesimama majini kando ya mikoko. Navua kwa nzi. Kwa asiyejua, nzi huyu ni ndoana iliyofungwa manyoya ya jogoo na nywele za mbuzi. Hakuna chubwi. Uzi wenyewe ndio mnene na mzito, na huo ndio unaorushwa. Nzi hufuata tu kwa kuwa hana uzito. Ufundi huu nimefunzwa na shemeji yangu, baharia, aliyeupata Marekani kwa watu wanaovua samaki waitwao bass usiku wakati wa joto. Kwao kanuni ni moja: usiku ukiwa mweusi, funga nzi mweusi.

Mimi sikuamini. Kitu cheusi ndani ya giza, nani atakiona? Nikajaribu. Nimetoka usiku 11 na kila usiku nimeandika. Usiku 5 nilitumia nzi mweusi, nikaguswa na samaki mara 14. Usiku 6 nilitumia mweupe, mara 4 tu. Wengi walikuwa kolekole wa kiasi cha mkono, mzia mmoja, na chewa aliyenivunjia uzi kwenye mizizi.

Sasa niambieni: samaki anaonaje kitu cheusi usiku?

#2 Bw_Chubwi
Haoni. Usiku samaki hula kwa pua. Tia kipande cha ngisi kwenye ndoana uone kama atauliza rangi. Mimi navua kwa mshipi wa mkono tangu nikiwa darasa la nne na sijawahi kufunga manyoya.

#3 Mwalimu_Kisauni
Ndugu Chubwi, ngisi ni kweli, lakini nzi wa Mwana_Tudor hana harufu na bado ameguswa mara 14. Pua haielezi hilo.

Nafundisha biolojia, nitasema ninavyojua. Jicho la samaki wengi lina chembe za aina mbili, kama letu. Za kwanza ni za mchana, ndizo zinazotambua rangi. Za pili ni za usiku. Hizi hushika hata mwanga mdogo kabisa lakini rangi hazijui. Kwa hiyo usiku hakuna nyekundu wala kijani wala zambarau, kuna kilichokolea na kilichofifia.

Halafu fikiria samaki yuko wapi. Yuko chini, anatazama juu. Hata usiku usio na mwezi, mbingu ina mwanga kuliko maji yaliyo chini yake: nyota, taa za mji, taa za bandari. Nzi mweusi akipita juu anaziba mwanga ule, na samaki anaona umbo lake limechorwa. Mweupe hupitisha mwanga kidogo na kurudisha kidogo, kingo zake hazikatiki vizuri. Ukitaka kuhakikisha, inua mkono wako usiku kuelekea angani. Utauona mweusi kabisa, ingawa ukiutazama chini huuoni.

#4 Mwana_Tudor
Ahsante Mwalimu. Nimetoka nje sasa hivi nikainua mkono. Ni kweli.

#5 Nahodha_Mstaafu
Kijana, usiku huo 11 ulikuwa mwezi ngapi? Nitajie tarehe za mwezi wa Kiislamu, si za kalenda ya ukutani.

#6 Mwana_Tudor
Shikamoo mzee. Nimetazama daftari. Nzi mweusi: mwezi 28, 29, 1, 2 na 3. Mweupe: mwezi 6, 7, 8, 9, na tena 10 na 11. Nilifikiri giza litumie cheusi na mwezi utumie cheupe. Saa ni zile zile, kuanzia saa mbili mpaka saa tano usiku.

#7 Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Basi hukulinganisha rangi mwanangu, umelinganisha maji.

Sikiliza. Hapa Mombasa mwezi ukiandama, na vilevile ukitimia, ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana, na bamvua kubwa yenyewe huja siku moja au mbili baadaye. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi na hupwa karibu na saa nne, mchana na usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Ukifika mwezi 7 au 8 mambo yamegeuka: maji ni mafu, hujaa mnamo saa nne na hupwa mnamo saa kumi. Bamvua kubwa maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji mafu ni mita moja na kitu.

Kwa hiyo zile usiku zako za nzi mweusi, saa mbili mpaka saa tano, maji yalikuwa yanatoka horini kwa nguvu, yanawatoa kamba na vidagaa kwenye mikoko, na kolekole wamekaa mlangoni wanangoja. Usiku za nzi mweupe maji yalikuwa yamejaa, yamelala, wale wadogo wamejificha ndani ya mizizi ambako kolekole hafiki. Hata ungefunga kitambaa cha kanga, bamvua ungeguswa.

Nilipokuwa na mashua yangu hatukuuliza rangi. Tuliuliza maji.

#8 Bw_Chubwi
Nahodha amemaliza. Funga uzi huu.

#9 Mwalimu_Kisauni
Hoja ya Nahodha ni nzito na naikubali: hesabu ya Mwana_Tudor haithibitishi rangi. Lakini haikanushi pia. Mambo mawili yalibadilika pamoja, maji na rangi (na mwanga wa mwezi, ni ya tatu). Hatuwezi kujua lipi lilifanya kazi.

#10 Mtu_wa_Kibokoni
Mimi naongeza la nne: taa. Mmewahi kuvua karibu na Daraja la Nyali? Hili la sasa lililofunguliwa 1980, si lile la kuelea la zamani ambalo marehemu babu alikuwa akinihadithia. Taa za juu zinachora mstari majini, huku mwangaza, huku kivuli. Samaki wakubwa hawakai penye mwangaza. Wanakaa kivulini, pua zao zimeelekea penye mwanga, na kila kinachovuka mstari kinaliwa. Nimemwona kolekole akitoka, akashika mkizi, akarudi gizani, yote kwa kufumba na kufumbua.

Ukirusha katikati ya mwanga hupati kitu. Rusha penye mwanga kisha vuta uingie kivulini. Rangi yoyote.

#11 Binti_Mikindani
Hamjaambia kitu kuhusu maji kuwaka. Kuna usiku hapa kwetu Mikindani ukitia kasia majini panatokea cheche kama vimurimuri. Ni vijidudu vidogo sana vinavyotoa mwanga vikitikiswa. Usiku kama huo ule uzi mnene wa Mwana_Tudor ukivutwa unakuwa mshale wa moto majini. Samaki gani atausogelea?

Na mwezi ukiwa mkubwa cheche hazionekani vizuri, kwa hiyo watu husema mwezi ndio uliowapa samaki. Mimi hutazama kwanza: natia mkono majini, natikisa. Maji yakiwaka sana narudi nyumbani nikalale.

#12 Mwana_Tudor
Dada Binti, hapo umenigusa. Kuna usiku mmoja, mwezi 28, uzi uliwaka mpaka mwanangu akasema "baba, kuna nyoka". Lakini usiku huo ndio niliguswa mara 5!

#13 Binti_Mikindani
Mara 5 kwa nzi au kwa uzi? Wanaweza kuwa waliufuata moto wenyewe. Dagaa wakikimbia maji yakiwaka nao huacha mistari, na kolekole anaijua mistari ile. Sasa nami nimejichanganya, kwa sababu nimetoka kusema moto huwafukuza.

#14 Baharini_Massachusetts
Wa salaam kutoka ughaibuni. Mimi mzaliwa wa Majengo, niko huku miaka mingi na navua usiku. Nasahihisha kidogo, kwa kuwa jina bass linawachanganya watu.

Bass si samaki mmoja. Yule wa maziwa na mito, mwenye mdomo mpana, ni wa maji yasiyo na chumvi na ana jamaa zake. Yule wa pwani ya huku mwenye mistari ubavuni ni wa bahari, hupanda mito kuzaa, na ukoo wao ni mbalimbali kabisa. Wote wawili huvuliwa usiku kwa nzi mweusi, lakini kwa sababu tofauti. Wa ziwani, Julai na Agosti maji yakipata moto mchana hujificha kilindini, usiku maji yakipoa husogea ukingoni kula. Nzi wake ni wa nywele za paa zilizobanwa nene, anaelea na kusukuma maji kama chura. Wa baharini hufuata mkondo wa maji kama kolekole wenu. Lefty Kreh, fundi mkubwa wa nzi huku, alibuni nzi wake mashuhuri wa manyoya marefu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya samaki huyu wa mistari katika Chesapeake Bay, na nzi huyo sasa huvua kila bahari.

Wazee wa huku hawasemi sana habari ya umbo dhidi ya mbingu. Wanasema vuta polepole na vuta kwa mwendo mmoja. Usiku samaki anahitaji muda wa kukipata kitu. Ukikatiza-katiza kama mchana, anafika mahali nzi ameshaondoka.

#15 Mwalimu_Kisauni
Hilo la mwendo mmoja linaingia vizuri kwenye jambo jingine. Samaki ana mstari wa vitundu ubavuni, kutoka shavuni mpaka mkiani. Mkimpaa changu mtauona. Kwa mstari ule husikia maji yakisukumwa hata akiwa haoni. Nzi wa nywele nene husukuma maji kuliko wa manyoya membamba.

Mwana_Tudor, nzi wako mweusi na mweupe ni wa unene mmoja?

#16 Mwana_Tudor
Hapana. Mweusi ni wa nywele za mbuzi, tulichinja Idd nikaomba ngozi. Mweupe ni wa manyoya ya jogoo, maana mbuzi mweupe sikupata. Mweusi ni mnene zaidi.

#17 Bw_Chubwi
Kwa hiyo ni mbuzi aliyevua, si rangi. Alimradi si pua, sivyo Mwalimu?

#18 Mwalimu_Kisauni
Sikusema si pua kwa samaki wote. Fumi hutafuta kwa sharubu na pua, na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, chakula chake kiko mchangani. Nasema kwa kolekole anayeshika nzi mkavu usio na harufu, pua si jibu. Tusikilizane, tafadhali.

#19 Mtu_wa_Kibokoni
Mwalimu amepandisha. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi.

#20 Bi_Mshipi
Ninyi mnabishana rangi na hakuna aliyetaja miguu. Mwana_Tudor amesema husimama majini usiku kando ya mikoko. Mimi nilisimama hivyo miaka mitatu iliyopita nikitafuta kamba na mume wangu, nikakanyaga taa. Mwiba uliingia juu ya kifundo. Maumivu yale sijui niyafananishe na nini. Nimezaa watoto wanne na nasema hivyo. Nilikofikishwa kwanza waliniosha kwa maji baridi wakanipa vidonge nikae kwenye benchi. Nilikaa mpaka karibu na alfajiri nikilia. Mama mmoja mzee aliyekuwa amemleta mjukuu wake ndiye aliyesema leteni maji ya moto. Wakatia mguu kwenye beseni, moto kiasi cha kuvumilika, na baada ya muda maumivu yakaanza kushuka. Nilikuja kuambiwa na daktari mwingine kwamba ndivyo inavyopaswa, joto hupunguza ukali wa sumu ile, na jeraha likaguliwe kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Changu kilibaki.

Kwa hiyo ukiingia majini usiku usiinue miguu. Iburure mchangani, taa akisikia huondoka mwenyewe. Vaa viatu vigumu. Na chupa ya maji ya moto ikae mtumbwini au garini, si ya chai tu.

#21 Mwana_Tudor
Pole sana mama. Sikulijua hilo la maji ya moto. Nimelinukuu kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.

#22 Nahodha_Mstaafu
Bi_Mshipi amesema jambo la maana kuliko sisi sote. Na usipige mbinja baharini usiku, wazee walikataza.

#23 Fundi_wa_Rodi
Mimi hutengeneza rodi na rili, na wanaovua kwa nzi hapa mjini nawajua karibu wote. Usiku shida yao kubwa ni ndoana kisogoni. Uzi huuoni, upepo wa kusi unausukuma, nzi anarudi kichwani. Punguza urefu wa kurusha, usikilize uzito wa uzi mkononi badala ya kuutafuta kwa macho, vaa kofia na miwani myeupe hata kama ni usiku. Na libane kwa koleo lile jino la ndoana, lilale. Ikikuingia itatoka bila kisu. Samaki utampoteza mmoja mmoja, lakini sikio lako litabaki.

Kwa mzia weka waya mfupi mbele, meno yake hayana huruma na uzi.

Kuhusu rangi, wateja wangu wanaotumia nzi mweusi huninunulia zaidi. Sijui kama ni kwa sababu wanavua zaidi au wanapoteza zaidi.

#24 Kolekole_wa_Mtwapa
Naomba kuuliza kando: hawa bass wako Kenya?

#25 Baharini_Massachusetts
Wako, Naivasha. Yule wa mdomo mpana aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Lakini kusimama ukingoni usiku kule sikushauri, viboko hutoka majini usiku kula majani.

#26 Kolekole_wa_Mtwapa
Na sangara je? Shangazi yangu wa Kisumu anasema macho yake hung'aa ukimulika tochi.

#27 Mwalimu_Kisauni
Kweli hung'aa. Lakini sangara si bass pia, na yuko ziwa lingine na uzi mwingine! Turudi Tudor.

#28 Mwana_Tudor
Narudi na majibu. Nilimfuata Nahodha nikachagua usiku wa mwezi 22. Nilifikiri hivi: mwezi hauchomozi mpaka kama saa sita, kwa hiyo giza lipo, lakini maji ni mafu na yanajaa mnamo saa nne. Giza la bamvua bila bamvua. Na nzi nimewafunga upya, wote wawili wa nywele za mbuzi, unene mmoja. Mweupe nilipata kwa jirani aliyechinja kwa ajili ya aqiqa.

Mwanangu ndiye aliyekuwa akifunga nzi kila baada ya robo saa, mimi nimegeuka, hakuniambia ni yupi. Aliandika yeye.

Saa mbili na nusu mpaka saa nne: niliguswa mara 5. Mweusi 3, mweupe 2. Maji yaliposimama mpaka tunaondoka saa tano na nusu: hakuna hata mmoja. Samaki waliotoka majini ni watatu, kolekole wawili na chewa mdogo aliyerudishwa.

#29 Nahodha_Mstaafu
Maji yalikuwa yanaingia, ukaguswa. Yaliposimama, basi. Mnataka nini tena?

#30 Mwalimu_Kisauni
Mara 5 ni chache mno kusema lolote la rangi, 3 kwa 2 ni kama kurusha shilingi. Lakini Nahodha, maji mafu uliyosema hayavui yamevua, na kabla hayajajaa. Hilo nalo linahitaji maelezo.

#31 Nahodha_Mstaafu
Sikusema hayavui, Mwalimu. Nilisema yakilala. Maji mafu nayo huenda, polepole.

#32 Mtu_wa_Kibokoni
Wale wawili wa mweupe walishikwa wapi? Upande wenye taa?

#33 Mwana_Tudor
Subiri nimuulize mwanangu… Anasema ndiyo, wote wawili tulikuwa tumeelea mkabala na taa za ng'ambo. Weusi watatu walikuwa ndani kwenye mikoko.

#34 Mtu_wa_Kibokoni
Nilisema mimi.

#35 Baharini_Massachusetts
Penye taa mweupe ana mwanga wa kurudisha, penye giza mweusi ana mbingu nyuma yake. Labda wote mna haki.

#36 Bw_Chubwi
Na mimi nilikuwa ufukweni Mama Ngina usiku huo huo, ng'ambo ya Likoni, na ngisi wangu. Changu sita na tafi sikumpata hata mmoja, yeye hula majani. Maji yaliposimama nami sikuguswa tena. Hapo nampa Nahodha mkono.

#37 Binti_Mikindani
Maji yaliwaka usiku huo?

#38 Mwana_Tudor
Kidogo tu. Nilitikisa mkono kama ulivyonifunza.

#39 Binti_Mikindani
Basi rudieni usiku unaowaka, mwezi 28 au 29, maji yakitoka. Hapo tutajua kama uzi unafukuza au unaita. Mvua ya masika ikianza hori litajaa matope na hakuna jicho litakaloona chochote, mweusi wala mweupe.

#40 Fundi_wa_Rodi
Nina uzi mwembamba zaidi dukani, haupigi maji sana. Nitauazima, si kuuza. Nataka kujua na mimi.

#41 Mwana_Tudor
Mwezi 28 ni Alhamisi ijayo. Tutaondoka saa moja na nusu usiku, maji yatakuwa bado yanatoka. Mtumbwi una nafasi ya watu wawili zaidi. Miguu itabururwa, maji ya moto yatakuwepo.

#42 Mwalimu_Kisauni
Niandikie nafasi moja. Nitaleta daftari la mistari na saa.

#43 Nahodha_Mstaafu
Na mimi. Nitakaa nyuma na kasia. Msinipe rodi.